Usahaulifu Hauna Dirisha

Sisi wa Momela tunajulikana kwa malalamiko mawili, barabara na nyati, kiasi kwamba tukinyoosha mkono kwenye mkutano wa kijiji mtendaji anakuwa ameshaandika jibu. Safari hii tuna la tatu. Tunalalamikia hali ya wazee wetu. Si kwamba wamezeeka. Uzee tumewaombea wenyewe kanisani, na Mungu alisikia. Tunalalamika kwamba wamezeeka na presha, na sukari, na magoti yasiyokunjuka, na sasa akili nayo inawatoka kidogo kidogo, na kila tunakowapeleka tunajibiwa maneno yaleyale: ni uzee tu, mama, mpeleke nyumbani akapumzike.

Tuanze na presha maana ndiyo yenye jina na kipimo. Ingia nyumba yoyote yenye mzee, kuanzia geti la Momela ushuke Olkung'wado mpaka Ngabobo, utakuta mfuko wa nailoni umening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini huu wa dawa umebaki, umechakaa hadi hautoi sauti tena. Ndani mna amlodipini ya presha, metfomini ya sukari, diklofenaki ya magoti, vidonge vyeupe ambavyo hakuna anayejua vilitoka wapi, na daftari la shule lenye jalada lililochanika, ambalo ndilo faili la mgonjwa. Vidonge vingine ni vya bibi wa jirani aliyefariki mwaka juzi. Vilibaki, na kutupa dawa ni dhambi. Kila asubuhi mzee anachukua kimoja cheupe. Kipi kati ya vyeupe, inategemea mwanga wa siku hiyo. Na ile diklofenaki, anayoipenda kuliko zote kwa sababu ndiyo pekee anayoisikia ikifanya kazi mwilini, ndiyo hiyohiyo inayopandisha presha ambayo amlodipini inahangaika kuishusha. Hilo tuliambiwa na muuza duka la dawa, si na daktari, tena alituambia baada ya kutuuzia.

Msidhani tunasema kwa kukisia. Asubuhi isiyo na mawingu tunaiona Kilimanjaro yote kutoka hapa, na miguuni pake upande wetu ndiko Hai. Watu wa Hai walipimwa. Watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walizunguka vijijini mnamo 2009 na 2010 wakiwatafuta watu wa miaka 70 na kuendelea. Kwa presha walikuta karibu watu saba katika kila kumi wanayo. Kwa upande wa akili waliwapitia wazee 1,198, na hesabu ilipokamilika wakasema asilimia 6.4 wana dimensia, yaani ule ugonjwa wa akili kufifia hadi mtu ashindwe kujiendesha. Kiwango hicho, wakaandika, hakitofautiani sana na cha nchi tajiri. Na sisi miaka yote tulikuwa tunaambiwa huo ni ugonjwa wa Wazungu wanaowatupa wazazi wao kwenye nyumba za kulea! Hai wana migomba na kahawa, sisi tuna nyanya na vitunguu, lakini mishipa ya damu ni ileile.

Na shida iko kwenye hiyo mishipa. Presha ikikaa juu miaka ishirini bila mtu kuishughulikia, mishipa midogo ya ubongo inakakamaa na kuziba. Ukiziba mkubwa, mtu anapooza upande mmoja na kijiji kizima kinajua. Ikiziba midogo, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, hakuna anayejua. Mzee anaanza kuuliza swali lilelile mara tatu kabla ya chai kuisha. Anaweka fedha za nyanya mahali, halafu anamtuhumu mkamwana. Anakwenda dukani kununua chumvi anarudi na kiberiti, kesho yake tena anarudi na kiberiti. Sukari nayo inafanya kazi hiyohiyo kwenye mishipa hiyohiyo. Kisha mambo yanazunguka: mzee anasahau kidonge, presha inapanda, ubongo unaumia, anasahau zaidi.

Sasa tazama utaratibu wenyewe wa kliniki, ambao sharti lake la kwanza ni mgonjwa awe na kumbukumbu nzuri. Kumeza kimoja asubuhi na viwili usiku, urudi baada ya siku thelathini, uje na daftari, usile kabla ya kupimwa. Mtoa huduma anauliza, "Babu, shikamoo. Dawa unatumia vizuri?" Babu anajibu, "Marahaba. Natumia vizuri sana." Ana heshima zake babu, hawezi kumwambia mtoto wa watu kwamba hajui. Kwenye daftari inaandikwa: aendelee. Sisi tuliomleta tumesimama pembeni tunakohoa ili tuonekane, lakini anayeulizwa ni mgonjwa.

Hospitali nyingi siku hizi zina dirisha la wazee, na kibao cha kutaka mzee apishwe kwanza. Hilo ni jambo jema, na wa kwenye foleni wanapisha kweli, huwezi kuwalaumu. Lakini mahali tulipozoea kwenda, presha ina siku yake, sukari ina siku yake, macho yanangoja kambi, na mtaalamu wa mifupa anakuja akija. Mzee mmoja ana magonjwa manne, kwa hiyo ana siku nne. Na kila siku moja ni Noah ya alfajiri, watu kumi na wawili kwenye viti vya watu saba, barabara ikikatisha ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha mpaka Usa River, dereva akisimama kuwapisha twiga huku magoti ya bibi yamebanwa na ndoo ya mtu ya vitunguu. Ukifika unaambiwa mashine ya presha betri zimeisha. Usahaulifu, pamoja na yote hayo, hauna dirisha wala siku. Hatujawahi kuona mahali palipoandikwa: waliosahau njooni Jumatano.

Tunasikia pia kwamba matibabu ya mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza ni bure. Ni kweli, na wengi wetu tuna wazazi wenye vitambulisho vya msamaha. Bure hiyo inamsindikiza mzee kutoka mapokezi hadi kwa daktari, kutoka kwa daktari hadi maabara, na inamwacha kwenye dirisha la dawa, ambako anapewa kikaratasi cha kwenda kununua ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo familia inapopigiana simu.

Kuna mzee mmoja wa huku, jina lake tunalihifadhi. Jioni ikifika, jua likijificha nyuma ya Mlima Meru, anaomba fimbo yake na blanketi na kusema malori yanakuja, tutoe ndama. Wageni wanacheka. Sisi hatucheki, kwa sababu malori yalikuja kweli. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, hii hii tunayoishi, ili ardhi wapewe walowezi wa ng'ombe. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto, watu wakapelekwa King'ori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuusema mkasa huo mbele ya Umoja wa Mataifa, Mtanganyika aliyesimama pale kabla wengi hawajajua Umoja huo ni kitu gani. Babu yetu alikuwa mtoto mdogo wa kuchunga ndama wakati huo. Jina la mjukuu anayemwogesha halijui tena, mchana alikula nini hajui, lakini malori anayajua yalisimama wapi.

Wanaojua ugonjwa huu wanasema ndivyo ulivyo, mambo ya jana hutangulia kufutika na ya utotoni hubaki hadi mwisho. Basi kila jioni tunamwambia, babu, malori hayaji, ardhi ilirudi, hii ni nyumba yako. Anaitikia. Dakika tano baadaye yanakuja tena. Kuna siku alitoka bila kuonwa akaelekea upande wa maziwa, na askari wanyamapori wakamkuta ametulia chini ya mti, nyati wakiwa si mbali. Walimrudisha kwa gari lao, wakampa maji, wakamwamkia kwa adabu. Tunawashukuru. Lakini kulinda wazee waliopotea siyo kazi waliyoajiriwa, na siku nyingine gari litakuwa upande wa Ngurdoto.

Ukilieleza jambo hilo kijijini, kila mtu ana maelezo yake. Wapo wanaosema mzee amechezewa, kuna mtu wa ukoo anataka shamba. Wapo wanaosema laana, aliapa uongo kwenye kesi ya mpaka mwaka fulani, sasa analipa. Bibi akianza kuongea peke yake usiku, watu wanapunguza kumsalimia. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kushukiwa uchawi, macho mekundu ya moshi wa kuni yakawa ushahidi. Sisi hatujafika huko na tunaomba tusifike, ila maneno yenyewe yako midomoni tayari, na maneno ndiyo huanza.

Na tiba za mkato tumezijaribu, tusijifanye. Mwaka 2011 nchi nzima ilipokimbilia Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha shilingi 500, na sisi tulikodi gari tukawapakia wazee wetu. Presha, sukari, pumu, yote yalikuwa kwenye orodha ya kikombe. Wengine walikaa foleni ya magari siku kadhaa wamekaa wima. Waliorudi waliacha vidonge, kwa sababu waliambiwa wameshapona na imani haichanganywi. Ni wangapi waliopooza baadaye kwa ajili hiyo hakuna aliyehesabu. Mchungaji mwenyewe alifariki 2021, na hatumsemi vibaya marehemu. Tunasema tu kwamba kikombe kilikuwa na faida moja ambayo kliniki hazina: magonjwa yote siku moja, foleni moja, shilingi 500.

Sasa maji. Hapa ndipo hasira yetu ilipo, na mtatuvumilia tukikaa kidogo.

Mtu wa Arusha akicheka Dar es Salaam, watu wanajua ametoka wapi. Meno yetu yana rangi ya chai, na hilo tumelizoea, hata kwenye picha za harusi tunafumba mdomo bila kuambiwa na mpiga picha. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuyeyukia kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1984 Nanyaro na wenzake walichapisha vipimo vya maji ya pande hizi za Meru na Kilimanjaro: mito kuanzia miligramu 12, chemchemi 15 hadi 63, na maziwa ya magadi, haya yetu ya Momela yakiwamo, kati ya 60 na 690. Flamingo wanayapenda, watalii wanawapenda flamingo, na biashara inakwenda. Ng'ombe wetu wanakunywa mtoni, na miaka mingi na sisi tulichota palepale.

Serikali ilijua. Mwaka 1974, kwa kuwa maji safi hayakuwepo ya kutosha, iliweka kiwango cha muda kwa maji ya vijijini: miligramu 8 kwa lita. Cha muda! Kiwango hicho kilidumu miongo, kikashushwa hadi 4, na ni miaka ya karibuni tu ndipo Tanzania ilipofika kwenye 1.5 kama wengine. Wazee wetu walikunywa kwa muda maisha yao yote.

Floraidi ikizidi haiishii kwenye meno. Inakwenda mifupani na kukaa humo. Ukiwa na miaka thelathini unaona uko sawa. Ukifika sitini mgongo unakakamaa, shingo inakataa kugeuka hadi ugeuze kiwiliwili chote kumtazama anayekuita, magoti yanauma na mvua na bila mvua. Nenda Maji ya Chai, kule chini karibu na Usa River, uwaone watu wenye miguu iliyopinda tangu utotoni. Kliniki inaandika baridi yabisi, inatoa diklofenaki, na tumekwisha kuwaambia diklofenaki inafanya nini kwenye presha. Halafu jikoni kuna magadi. Makande bila magadi hayaivi upesi na kuni ni ghali, kwa hiyo tunayatia, na magadi ya huku nayo yana floraidi yake. Bibi amekuwa akijiongezea kipimo kila Jumapili bila kujua.

Si kwamba dawa ya maji haijulikani. Ngurdoto, hapo jirani, kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi ambacho kwa miaka kimekuwa kikifundisha kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Chuo cha Nelson Mandela kipo Tengeru, na mwalimu wake Askwar Hilonga alipata tuzo ya wahandisi wa Afrika mwaka 2015 kwa chujio alilolibuni. Mabomba ya maji yenye nafuu yamefika baadhi ya vitongoji, tunayaona na tunashukuru. Lakini mifupa ya mtu wa miaka 78 haisubiri bomba la mwaka kesho. Ilishajaa.

Je, maji hayohayo ndiyo yaliyokula kumbukumbu zao? Kuna vijana wetu wanaosema hivyo kwa sauti kubwa kijiweni, na tunawaomba wapunguze. China, ambako nako kuna sehemu zenye floraidi nyingi, wamelichimba jambo hili kuliko mtu yeyote. Katika jimbo la Guizhou haitoki hata kwenye maji, inatoka kwenye makaa ya mawe wanayokaushia mahindi na pilipili ndani ya nyumba. Wachina wameandika miaka mingi juu ya watoto wa maeneo hayo na akili zao darasani, na karibuni wameanza kuwapima na wazee. Mwaka 2024 Wamarekani nao walipitia tafiti za dunia wakakubali, kwa uhakika wa wastani, kwamba watoto wanaopata floraidi zaidi ya 1.5 kwa lita huwa na alama za chini kidogo za akili. Kwa wazee ushahidi bado ni mwembamba, na sisi si watu wa kuunenepesha.

Lakini njia ya kuzunguka ipo, na hiyo hatuhitaji maabara kuiona. Mtu ambaye magoti yamekataa haendi tena kanisani, haendi gulioni, haendi kwenye kikao cha ukoo kumsikiliza mshili, kiongozi wao. Anakaa kwenye kiti kile cha mbao nje ya nyumba tangu asubuhi. Masikio yamepungua, kwa hiyo watu wameacha kumsimulia habari. Macho yana ukungu, kwa hiyo Biblia imefungwa. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia dimensia na yanayoweza kurekebishwa, ikakadiria kwamba yangeshughulikiwa yote, karibu nusu ya wagonjwa wangeepuka au kucheleweshewa. Elimu ndogo utotoni, usikivu, macho, presha, sukari, kutotembea, upweke. Kijana mmoja mwalimu alitusomea orodha hiyo kutoka kwenye simu yake, nusu yake ikawa kama anasoma daftari lililoko kwenye ule mfuko wa nailoni.

Tumewataja Wachina, basi tumalizane nao. Watu wao wa miaka 60 na kuendelea walikaribia milioni 300 mwishoni mwa 2023, zaidi ya mara nne ya Watanzania wote. Wameogopa, na mtu akiogopa hufanya kazi. Tangu 2011 wana utafiti mkubwa unaowafuatilia watu wa miaka 45 na kuendelea nchi nzima, wanarudi kwa watu walewale kila baada ya miaka michache na kuwapima kumbukumbu, na presha, na kuwauliza magonjwa yao. Tafiti zilizozaliwa humo zinaonesha kwamba mtu mwenye magonjwa sugu mawili au matatu kwa pamoja, akili yake hushuka upesi kuliko asiyenayo. Ndicho tunachokisema sisi bila kalamu. Wachina wametujengea barabara, wametuuzia pikipiki, na mashine zetu za presha zinazokula betri ni za kwao. Tungependa na huo ufuatiliaji nao uje.

Watu wetu wa mjini nao tuna neno nao. Mtoto wa kiume yuko Dar, au Mwanza, au anapandisha watalii mlimani na kurudi nyumbani mara chache. Anapiga simu Jumapili jioni. "Hebu nipe baba niongee naye." Baba akishika simu anaamka kama kijana: shikamoo anaipokea, anauliza mvua huko, anauliza wajukuu, anacheka. Simu inarudi kwetu. "Mbona baba yuko sawa kabisa? Nyie mnamsingizia." Hajui kwamba baba hakutaja jina la mtu hata mmoja katika mazungumzo yote, na simu ikikatika anauliza, "Yule alikuwa nani?" Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ukiandika kwamba mama anahitaji kumwona mtaalamu wa ubongo KCMC, unapata mikono ya kusali kumi na saba na hakuna nauli. Siku akifariki, kamati inaundwa usiku huohuo, na michango ya turubai, jeneza, gari la maiti, mpiga video na chakula cha watu mia nne inakamilika kabla ya Ijumaa. Fedha za dawa za miaka kumi zinaliwa kwa siku mbili, pilau ikiwemo.

Anayebaki na mzee ni mkamwana. Yeye ndiye anayetuhumiwa kuiba fedha zilizowekwa chini ya godoro, ndiye anayebadilisha shuka saa tisa usiku, ndiye anayeitwa kwa jina la dada wa mzee aliyefariki miaka arobaini iliyopita na kuitikia ili kusiwe na ugomvi. Hakuna semina yake. Semina tunazo za nyanya, za vikoba, za tembo, lakini ya mama anayemlea mkwe aliyepoteza kumbukumbu zake haijawahi kupita huku. Na Hai, hapo tunapopaona, walijaribu kitu: vikundi vya wazee wenye dimensia, vikao 14 kwa wiki saba, wanakaa pamoja wanazungumza, wanaimba, wanacheza michezo, wanakumbushana mambo. Akili zilichangamka, hali ya maisha ikawa na nafuu. Hakikuhitaji mtambo. Kilihitaji mtu wa kuwakusanya na mahali pa kukaa, na sisi madarasa ya Jumamosi tunayo.

Wenzetu wa Zanzibar tunawaonea wivu wa wazi. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 kule analipwa pensheni ya serikali, awe alikuwa karani au mvuvi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Haimtajirishi mtu. Inanunua amlodipini na metfomini, na kumfanya mzee awe na kitu mkononi, jambo ambalo hata mkamwana anayeitwa mwizi anaweza kulishukuru. Huku bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na sensa ya 2022 imetuambia wazee ni asilimia 5.7 ya watu wote. Pensheni ya mzee aliyelima nyanya maisha yake yote hatujaiona. Tunaoulizia tunaambiwa iko kwenye mchakato.

Hatuombi hospitali ya ubongo Momela. Tunaomba mashine ya presha yenye betri kwenye zahanati, na mtu wa kuizungusha nyumba kwa nyumba kwa wasioweza kupanda Noah. Tunaomba presha, sukari na magoti yawe siku moja. Tunaomba anayemhudumia mzee mwenye usahaulifu aulizwe yeye kuhusu vidonge, si kumwuliza aliyesahau. Tunaomba mtu aje atuambie kipi kati ya vile vyeupe kitupwe.

Tumepeleka hayo kwa mwenyekiti. Ajenda za mkutano ujao zilishabandikwa kwenye mti wa ofisi: barabara, mifugo kuingia Hifadhini, michango ya choo cha shule, mengineyo. Tukauliza wazee wako wapi. Akasema wako kwenye mengineyo. Tukamwomba wapandishwe juu ya choo angalau, kwa kuwa mengineyo yakifika saa kumi na mbili kila mtu anakwenda kukamua. Amesema atazungumza na mtendaji, na mtendaji yuko safarini.